Isikilize Albamu Kwanza, Ndipo Uende Kuiona Jukwaani: Mwongozo wa Mpenzi wa Muziki wa Laivu

Nina duka la dawa Tandika, na majirani wanajua kwamba spika yangu hainyamazi tangu nafungua mpaka nafunga. Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaokuja pale ni hili: mbona ukitoka kwenye shoo unakuwa na mengi ya kusimulia, wakati sisi tuliokuwa tumesimama pembeni yako tunakumbuka watu walikuwa wengi na joto lilikuwa kali, basi?

Jibu langu ni kwamba shoo inaanzia nyumbani, wiki mbili tatu kabla, ukiwa na albamu. Bendi nzuri ikipanda jukwaani haiirudii albamu yake kama ilivyo. Inaibomoa na kuijenga upya mbele ya macho yako. Sasa kama hukuijua nyumba ilivyokuwa, utajuaje ukuta gani umevunjwa na chumba gani kimeongezwa? Raha yote ya muziki wa laivu iko hapo, na inapatikana kwa maandalizi.

Albamu ikitoka

Tangu Julai 2015 kampuni kubwa za muziki duniani zilikubaliana kutoa albamu mpya siku ya Ijumaa. Ndiyo maana usiku wa Alhamisi, ikigonga saa sita, mara nyingi nyimbo zinakuwa zimeshapanda Boomplay, Audiomack, Spotify na Apple Music. Wasanii wetu wengi wanaufuata utaratibu huo, ingawa wapo wanaopenda kuachia kazi siku ya uzinduzi au siku yao ya kuzaliwa.

Subiri bando la usiku, ushushe albamu nzima kwenye simu. Bando haliliwi kila unaporudia wimbo, na sauti haikatikikatiki ukiwa ndani ya daladala. Kabla hujashusha, ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta sehemu ya ubora wa sauti, uupandishe juu. Watu wengi simu zao ziko kwenye kiwango cha chini kwa ajili ya kubana bando, halafu wanamlaumu prodyuza kwamba kazi haijachangamka.

Jambo la pili: zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Msanii makini anaumiza kichwa kuamua wimbo upi ufungue, upi ukae katikati, upi ufunge. Ukizichanganya umemnyang'anya kazi yake. Isikilize mara ya kwanza kwa mpangilio wake, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata ule usioupenda. Ule usioupenda uutie alama. Uzoefu wangu unaniambia kwamba wimbo uliopoa kwenye albamu ndio mara nyingi unaolipuka jukwaani, kwa sababu bendi imeuachia nafasi.

Tafuta besi

Hapa naomba uwe mvumilivu na mimi, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Spika ya simu ni ndogo mno kiasi kwamba haiwezi kutoa sauti nzito za chini. Unasikia mwimbaji, unasikia gitaa la solo, na unabahatisha dramu. Besi huisikii kabisa, unaikisia tu. Na muziki wetu mwingi, kuanzia dansi mpaka bongo fleva, unatembea juu ya besi.

Kwa hiyo raundi ya pili tumia hedifoni zinazoziba sikio sawasawa, au subufa ya kawaida isiyofunguliwa mno. Chagua wimbo mmoja. Mara ya kwanza fuata besi peke yake, usimjali mwimbaji. Rudia, ufuate gitaa la rizimu, lile linalokatakata pembeni bila kujionyesha. Rudia tena, ufuate tumba au ngoma. Wimbo mmoja ukiusikiliza hivyo utakufundisha kuzisikiliza nyimbo nyingine zote za albamu ile, maana bendi ina tabia zake.

Raundi ya tatu ni ya maneno. Andika kiitikio na beti moja unayoipenda kwenye daftari au kwenye simu. Siku ya shoo msanii atanyoosha kipaza sauti kwa hadhira, na ni vizuri uwe miongoni mwa wale wanaojua la kuimba.

Malizia kwa kusoma majina ya walioshiriki. Spotify na Apple Music zina sehemu ya kuonyesha watunzi na watayarishaji, ingawa kwa kazi zetu mara nyingi haijajazwa. Ikiwa imejazwa, angalia kama kuna mpiga gitaa, mpiga dramu, mpuliza tarumbeta, au ni prodyuza mmoja aliyefanya kila kitu kwenye kompyuta. Hakuna ubaya hata kidogo katika hilo la pili. Ila linakuambia kwamba siku ya shoo itabidi watu wengine watafutwe wa kuvigeuza vile vya kompyuta kuwa gitaa na dramu, na hapo ndipo wimbo unapoweza kubadilika mpaka ukausahau ule wa mwanzo.

Mfano mmoja wa kuanzia

Kama hujui uanzie wapi, chukua albamu ya Fusing the Roots ya Siti and the Band kutoka Zanzibar, iliyotoka mwaka 2018. Siti Amina anaimba na kupiga udi, na Gora Mohammed anapiga kinanda cha nyuzi kiitwacho kanuni. Ni vijana waliotokana na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, wakaichukua taarabu na kuikutanisha na besi na dramu.

Nimeichagua kwa sababu ya hiyo kanuni. Ni chombo chenye nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatutatu kwa kila noti, kinalazwa na kudonolewa kwa vidole vilivyovishwa vijiti vidogo. Sauti yake ni nyororo na ndogo. Kwenye albamu unaisikia kila chembe, kwa kuwa studio imeipa kipaza sauti chake na utulivu wake. Jukwaani kanuni inakaa hatua chache kutoka kwenye dramu. Fundi mitambo akiipandisha sana, spika zinapiga mluzi, akiishusha, inamezwa. Ukiwa umeisikiliza albamu vizuri utajua mahali kanuni inapoingia, na sikio lako litakwenda kuichukua hata katikati ya kelele. Mwenzako asiyeijua atadhani hapakuwa na kanuni.

Taarabu ya vikundi vikongwe nayo inataka maandalizi ya aina yake. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958. Hawa wana desturi ya kufungua kwa bashraf, kipande cha vyombo vitupu, kabla mwimbaji hajatoa neno. Mgeni huona kama bado wanajaribu vyombo, akaendelea kuzungumza. Nyamaza hapo. Sikiliza fidla zinavyojibizana na akodiani, maana baadaye utaisikia mikato ile ile chini ya sauti ya mwimbaji.

Dansi: kabla ya chemko na baada yake

Kwa muziki wa dansi, maandalizi yanahitaji kujua jambo moja la muundo. Wimbo una sehemu ya kwanza iliyotulia, ya beti na hadithi: ugomvi wa wapenzi, rafiki aliyegeuka, mtoto aliyesahau kwao. Kisha kuna chemko, pale magitaa yanapofungana, parapanda zinaingia, na maneno yanabaki machache ya kuitana na kuitikiana.

Rekodi nyingi za zamani tunazozipenda zilifanywa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na wimbo wa redio una mwisho wake. Ukumbini chemko halina saa. Linaendelea kadiri watu wanavyoendelea kucheza, na mpiga solo anaanza kuzungumza mambo ambayo hayapo kwenye rekodi. Kwa hiyo ukienda kuwaona Msondo Ngoma, bendi iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU kufuatana na majina ya chama cha wafanyakazi, au ukienda kwa Mlimani Park, Sikinde, waliozaliwa 1978, sikiliza rekodi zao za zamani mpaka uzijue zinavyoingia kwenye chemko. Jukwaani subiri mlango huo ufunguliwe. Kila kinachofuata hapo ni mali ya usiku ule tu.

Angalia pia nani anaimba nafasi ya nani. Muhidin Gurumo, mwimbaji mkongwe wa dansi, alifariki Aprili 2014, lakini nyimbo alizoimba zinaendelea kuimbwa. Anayeisimamia nafasi yake hana budi kuchagua: amfuate mzee herufi kwa herufi, au alete sauti yake. Mimi humpenda anayeanza na la kwanza na kumalizia na la pili.

Kabla hujalipa kiingilio

Uliza swali moja tu: ni laivu au ni playback? Niliwahi kulipia shoo iliyotangazwa kwa herufi kubwa kuwa ya bendi, tukafika tukakuta meza moja, kompyuta, na msanii anachezesha midomo juu ya sauti yake mwenyewe. Mwandaaji simtaji. Tangu siku hiyo naangalia bango kwa makini. Kama ni bendi kweli, siku chache kabla utaona video za mazoezi kwenye kurasa za wanamuziki wenyewe, si za msanii mkubwa pekee. Tafuta ukurasa wa mpiga dramu au mpiga besi. Akiwa yuko mkoa mwingine siku hiyo hiyo, umeshapata jibu.

Kwa anayeanza, tamasha lisilo na wasiwasi wa namna hiyo ni Sauti za Busara, Unguja, kila Februari. Lilianza 2004, na msimamo wake tangu mwanzo ni muziki unaopigwa laivu. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na waliokuwa wamezoea kwenda waliona pengo lake. Kiini chake ni Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliimba kwenye tamasha hilo uzeeni mwake, akiwa na nguvu kuliko wajukuu. Kiingilio cha Watanzania huwa nafuu kuliko cha wageni, kwa hiyo beba kitambulisho.

Ratiba ikitoka, usikimbilie majina makubwa. Chagua wasanii watatu usiowajua kabisa, tafuta albamu zao, uzisikilize kwa utaratibu niliokueleza. Utafika pale ukiwa shabiki wa mtu kutoka nchi ambayo hujawahi kufika, na utamwona kwa karibu, maana msongamano wote utakuwa umeahirishwa kwa ajili ya jina kubwa la baadaye.

Usafiri: boti ya kasi kutoka Dar inachukua kama saa mbili, lakini muziki unaendelea usiku, boti zikiwa zimeshamaliza. Panga pa kulala mapema. Mji Mkongwe hujaa na bei kupanda. Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, maeneo ya Michenzani na Kikwajuni, unapata chumba na unatembea kwa miguu. Kula Forodhani kabla hujaingia, urojo unakutosha. Februari ni kaskazi, joto halina huruma hata usiku, kwa hiyo vaa nguo nyepesi ya kusitiri.

Masikio yako

Hapa nazungumza kama muuza dawa. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha, likasema wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Na kwa mujibu wa taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, kwa kiwango hicho cha 100 sikio linafaa kukaa dakika 15 tu kwa siku. Shoo inaweza kuchukua muda wa saa tatu. Ule mlio wa "nziii" unaorudi nao nyumbani ni sikio linalalamika, na likilalamika mara nyingi kuna siku halitapona.

Nunua vizibio vya sifongo. Ni bei ndogo, na kwenye maduka mengi ya dawa vipo. Pamba haisaidii, sauti inapita. Na kizibio kinachoning'inia nje hakifanyi kazi. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, sukuma kizibio ndani, kisha kibane kwa kidole huku ukihesabu taratibu mpaka thelathini kiweze kufutuka na kuziba. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kichwani, kimekaa. Sauti kali za juu zitapungua, na mara nyingi utamsikia mwimbaji vizuri zaidi kwa kuwa kelele zilizomfunika zimeshuka.

Mtoto mdogo ukienda naye, mtafutie zile za kufunika masikio kwa nje, na ukae naye nyuma kabisa.

Pa kusimama

Mtafute fundi mitambo. Yuko kwenye meza yake, mara nyingi katikati ya uwanja, akiitazama steji. Sauti anaipanga kwa masikio yake pale alipo, kwa hiyo ukisimama mbele yake kidogo, katikati ya spika za kulia na kushoto, unasikia kile anachosikia yeye. Kwingine kote ni mabaki. Ukisimama mbele kabisa unasikia dramu na magitaa moja kwa moja kutoka kwenye vyombo vyao, na mwimbaji anakupita juu ya kichwa. Ukisimama mbele ya spika kubwa za chini utapigwa kifua na hutatofautisha noti. Kwenye ngome, kuta za mawe zinarudisha mwangwi, kwa hiyo usijibanze pembeni ukutani.

Nyimbo mbili tatu za mwanzo usihukumu sauti. Fundi bado anasawazisha, uwanja umejaa watu waliobadilisha mambo tangu majaribio ya mchana. Baada ya hapo, nenda mbele kidogo kwa wimbo unaoupenda kuwaona wanamuziki mikono, kisha rudi.

Simu: rekodi wimbo mmoja, ukae nao, kisha iweke mfukoni. Ukirekodi karibu na spika sauti itakuja imepasuka, maana maiki ya simu haiwezi kubeba nguvu ile. Nenda nyuma, itatulia.

Kutunza

Taarabu bila kutunza, yaani kumpa mwimbaji noti anapoimba, haijatimia, na kuna namna yake. Chenji noti kabla hujaingia. Noti za buku na buku mbili zinatosha kabisa kwa heshima. Subiri ubeti uliokugusa, si wowote tu. Panda taratibu ukicheza na mdundo, noti ikiwa juu mkononi ili waliokaa waione, mpe mwimbaji au uiweke alipoielekeza, mtikisie kichwa, geuka, shuka. Usisimame kati ya waimbaji na wapiga fidla, usishike kipaza sauti, usianze kumnong'oneza mwimbaji salamu za shangazi yako wakati anatafuta pumzi. Wanawake wengi huutumia ubeti kupeleka ujumbe kwa mtu aliyekaa humo humo ukumbini, kwa hiyo ukipanda kwenye wimbo wa mafumbo, ujue macho yatakufuata na kuuliza unamlenga nani.

Kwenye dansi noti huenda pia kwa mpiga gitaa, na ninapenda sana hilo. Mpiga besi hatunzwi mara nyingi. Mkumbuke.

Kesho yake

Isikilize albamu tena ukiwa bado una usingizi. Ndiyo saa nzuri kuliko zote. Kila wimbo utakuja na picha: pale walipoongeza kasi, pale walipoushusha wimbo chini kidogo ili koo la mwimbaji lipumzike, pale mpiga dramu alipokosea na mwenzake akamcheka. Andika mistari michache: tarehe, ukumbi, wimbo wa kufungua, wimbo uliobadilika kuliko yote, nani alipiga nini. Madaftari yangu yako kwenye droo ya chini ya kaunta, na wateja huniomba wasome wakisubiri dawa zao.

Kisha nunua kitu kutoka kwa wanamuziki wenyewe, sidii kama wanauza, fulana kama ipo. Malipo ya kusikilizwa mtandaoni ni madogo, na bendi ya watu kumi inagawana kwa kumi. Waandikie pia, uwaambie hasa ulichokipenda: "lile solo la wimbo wa nne ulilolirefusha". Wapiga vyombo hawapati ujumbe wa namna hiyo kila siku. Mmoja alinijibu na tarehe za mazoezi yao, akasema mlango uko wazi, nije na kiti changu.